Miguu Sitini na Mmoja ya Kushoto

Lori lilikuwa limeshafika kona ya duka la vioo, na kiatu kilikuwa bado hewani.

Hapo ndipo tulipoachana wiki jana, na nimesikia kuna waliolala vibaya. Haya, na kitue. Kilizunguka mara mbili juu ya vichwa vya watu, kikaipita mikono ya Mama Soli aliyejinyoosha kukidaka, kikaanguka kwenye vumbi mbele ya viatu vya kahawia vya Bwana Kalamu.

Kilikuwa kiatu cha kushoto. Cheusi, kimepauka ubavuni, bado kina joto la mwenyewe.

Mwenyewe, Fundi wa viatu, alikuwa juu ya lori, mikono imefungwa, askari kulia na kushoto. Fundi alikuwa amekanyaga kisigino cha kiatu hicho kwa mguu wa pili, akakilegeza, akakirusha kwa teke moja. Hakupiga kelele. Hakuaga. Alimtazama mkewe, Mama Soli, tu mpaka kona ikamla.

Bwana Kalamu aliinama, akakiokota. Watu wa mtaa walimpa jina hilo kwa sababu ya kalamu nne alizochomeka mfukoni mwa shati, na huandikia moja tu. Alikuwa afisa wa usalama, mtu wa sauti ya chini, na sauti ya chini ikitoka kwa mtu abebaye pingu inatisha kuliko kelele.

"Kuna barua humu," alisema.

"Kuna tundu humo," Mama Soli alijibu. "Nilimwambia abadilishe soli tangu mwezi uliopita. Anavisha mtaa mzima, mwenyewe anatembea na tundu."

Mtu mmoja akacheka nyuma ya umati, kisha akajifanya anakohoa.

"Ingia ndani, mama. Utakifungua mwenyewe, mbele yangu."

Mama Soli akaingia. Kwa uso wake ungedhani anakwenda kupokea mteja.

Duka lilikuwa chumba kimoja chembamba. Benchi la kazi, vigoda vitatu, rafu ya kalibu, ile miguu ya mbao ambayo kiatu hutengenezewa juu yake. Harufu ya gundi na nta. Kwenye kona amekaa Bibi, mama yake Fundi, anafungua mafundo ya uzi kwa vidole maana macho yalikuwa yameshamchoka. Ukutani picha ya Mkuu, kama ilivyoamriwa kila mahali pa kazi, na chini ya picha misumari miwili mirefu iliyojaa karatasi za vipimo vya miguu.

Mama Soli alikibana kiatu katikati ya magoti, akashika kisu. Mishono ile aliishona yeye, mwaka wa tatu wa ndoa yao. Akaikata mmoja mmoja. Kisigino kikaachia. Soli ikafunguka kama mdomo. Akatoa kile kipande cha chuma kinachoshika upinde wa mguu, akachana bitana, akapanga kila kitu kwenye benchi kama nyama buchani.

Hakuna barua. Hakuna hata alama ya wino.

"Barua yako hiyo, afande," Bibi alisema kutoka kwenye kona. "Isome kwa sauti, mimi sioni."

Bwana Kalamu alikishika kile chuma, akakirudisha. "Daftari liko wapi?"

"Daftari gani?"

"Mama, usinichoshe. Mumeo amebatiza watu. Na ninyi mkibatiza mnaandika. Nimepekua magodoro yenu, nimepekua dari, nimefumua mito. Wiki tatu. Watu hao nawataka kwa majina."

"Muulize yeye. Si umempakia kwenye lori?"

"Saa sita mchana narudi," alisema Bwana Kalamu. "Utatoka hapo barazani mbele ya majirani zako, useme yale maneno saba. Ukiyasema, lori linageuka, na jioni mumeo anakula kwako. Usipoyasema, nipe daftari. Ukininyima vyote viwili, duka nalifunga na wewe unamfuata."

Akatoka. Askari mmoja akabaki kwenye ngazi ya mlango, bunduki mapajani.

Maneno saba, kwa aliyetukuta njiani, ni haya: Mkuu ndiye wa kwanza na wa mwisho. Tangu mwaka jana kila karakana, kila ofisi, kila genge la wachimba mitaro lilifungua siku kwa kuyasema kwa pamoja. Fundi alikuwa tayari kumwita Mkuu mheshimiwa, mtukufu, chochote kinachompendeza. Lakini wa kwanza na wa mwisho, alisema, hilo jina ameshampa Mwingine, na hawezi kumnyang'anya. Alisema hivyo mbele ya kamati ya mtaa, akaenda zake kushona. Mengine mnayajua.

Mama Soli aliyarudia maneno yale moyoni. Yalikuwa mafupi kweli. Mtu angeyamaliza kabla ya uzi kupita kwenye tundu la sindano. Na jioni Fundi angeingia na mguu mmoja peku, aulize chakula kiko wapi.

Angeuliza pia: umesema nini, mke wangu, hata wakanirudisha?

Akainua macho, akaitazama misumari.

Sasa niwaambie Fundi alirusha nini. Daftari lilikuwa juu ya kichwa cha Bwana Kalamu muda wote aliokuwa akiliuliza.

Ukienda kushonewa kiatu, fundi anakusimamisha juu ya karatasi nyembamba, anauzungusha mguu wako kwa penseli, anaandika jina kisiginoni na tarehe katikati ya unyayo. Kisha anaibandika karatasi kwenye msumari. Msumari wa kulia ulikuwa na wateja, mamia. Wa kushoto ulikuwa na karatasi sitini na moja, na zote zilikuwa za mguu wa kushoto. Kila karatasi ilikuwa mtu. Fundi aliwaambia waingie mtoni kwa mguu wa kushoto, wa kulia ubaki umeng'ang'ania mwamba wasiteleze, na mguu ule ule ulioingia majini ndio aliouchora. Jina kisiginoni. Tarehe ya ubatizo katikati ya unyayo.

Wiki iliyopita Bwana Kalamu alizipekua, akapiga chafya kwa vumbi, akaziacha.

Kiatu cha kushoto maana yake ilikuwa moja. Ondoa ya kushoto.

"Tuchome," Mama Soli alinong'ona.

"Moshi utatoka wapi? Puani kwa askari," Bibi alisema. "Tuzile."

"Mama, ni sitini na moja."

"Mimi sina meno, nitameza na maji. Wewe utafuna zako."

Mama Soli alicheka bila kutaka, na machozi yakachukua nafasi hiyo hiyo kutoka. Kuzificha mwilini haikuwezekana. Askari alimpapasa hata Bibi alipotoka kumwaga maji machafu.

Ndipo mlango ukafunguliwa, na shemeji yake akaingia.

Shemeji alikuwa mdogo wake Fundi, wa tumbo moja. Ufundi aliujifunza kwenye benchi lile lile. Miaka miwili iliyopita aliacha kisu na nyundo akavaa kitambaa cha kijani cha kamati ya mtaa, na hakukanyaga tena humo ndani. Watu walisema yeye ndiye aliyemchongea kaka yake. Hakuna aliyekuwa na ushahidi, na yeye hakuwahi kukana.

"Shemeji, habari za asubuhi."

"Umeziona zikipita kwenye lori," Mama Soli alisema. "Umekuja kunipa pole au kunipekua?"

"Nimekuja kukuomba useme yale maneno. Ni maneno tu. Ukishayatoa, unafuta mdomo, maisha yanaendelea."

"Kaka yako angekuwa na mdomo wa kufuta, asingekuwa anapelekwa machimbo ya mawe."

"Kaka ni kichwa kigumu."

"Wewe ndiye uliyemtaja?"

Shemeji alikitazama kigoda chake cha zamani, hakukikalia. "Waliniuliza anasalia wapi. Nikasema dukani. Mtaa mzima unajua anasalia dukani."

"Mtaa mzima haukuulizwa," Bibi alisema. "Uliulizwa wewe."

Shemeji alianza kuzunguka chumbani, anagusa hiki, anagusa kile, kama mtu aliyerudi kwao baada ya safari ndefu. Akaipangusa kalibu moja vumbi. Akajaribu makali ya kisu kwa kidole gumba. Mkono wake ukapanda kwenye misumari, kwa mazoea tu, kama alivyofanya kila asubuhi kwa miaka sita kutafuta kazi ya siku. Ukashika msumari wa kushoto.



Alifunua karatasi ya kwanza. Ya pili. Ya tano. Akarudi nyuma.

"Ya kulia iko wapi?" aliuliza.

Mama Soli akasogea karibu na benchi.

"Fundi gani anapima mguu mmoja?" Sasa alikuwa anasema polepole. "Kitu cha kwanza alichonifundisha. Hakuna binadamu mwenye miguu miwili sawa. Niliposahau wa pili alinizaba kofi, nikaona nyota."

Mama Soli alijikuta ameshika kisu cha ngozi. Alikitazama kama kitu cha mtu mwingine. Akakiweka chini, akakisukuma mpaka mwisho wa benchi, asikifikie.

"Ndiyo," alisema. "Ni wao. Umeshajua. Askari yuko mlangoni, hutatembea hata hatua kumi."

Shemeji hakwenda. Aliendelea kufunua, na majina yale aliyajua. Mpiga chapa. Muuza Mkaa. Mkunga. Mwalimu wa hesabu aliyemfundisha. Alifika karatasi ya mwisho kabisa, ya sitini na moja, akasimama.

Kisiginoni lilikuwa jina lake mwenyewe. Katikati ya unyayo hapakuwa na tarehe.

"Hii alichora lini? Mimi sijasimama kwenye karatasi yake."

"Hukusimama," Mama Soli alisema. "Alichora kile kiatu chako kikuukuu ulichokiacha chini ya benchi. Siku ile ile uliyovaa hicho kitambaa. Akasema nafasi yake ikae. Tarehe ataileta mwenyewe."

Bibi aliacha uzi. Nje, askari alikuwa anapiga miayo.

Shemeji alikaa kwenye kigoda chake. Alikaa muda ambao mtu angeshona soli nzima. Alipoinuka, sauti yake ilikuwa ya fundi, si ya kamati.

"Kalamu amevaa viatu alivyoshona kaka. Hivyo vya kahawia, kisigino kifupi. Mimi ndiye niliyempima, miguu yote miwili. Wiki iliyopita hakufikiri. Leo akizishika mara ya pili atafikiri." Akachukua penseli sikioni mwa Mama Soli, maana huko ndiko inakokaa penseli ya duka. "Zikiwa jozi, ni wateja. Tuchore ya kulia."

Kama alifanya kwa ajili ya Mungu, au ya kaka yake, au ya ngozi yake mwenyewe kwa kuwa jina lake lilikuwa humo, Mama Soli hakumuuliza. Ilikuwa saa tatu na nusu.

Kazi yenyewe ni rahisi ukiijua. Unageuza karatasi ya kushoto, unaiweka kwenye kioo cha dirisha upande wa jua, juu yake unaweka karatasi tupu, na mguu unaoonekana sasa ni wa kulia. Unaupitishia penseli. Shemeji alichora dirisha la juu, Mama Soli la chini. Bibi alipokea kila karatasi mpya, akaisugua na vumbi la ngozi, akaikunja, akaikunjua, akaikalia.

"Nimekalia watu wakubwa leo," alisema. "Huyu nani?"

"Mwalimu wa hesabu, mama."

"Mgumu."

Mara moja mlango ulifunguka na kichwa cha askari kikaingia. "Mnafanya nini dirishani?"

"Nakagua," Shemeji alisema bila kugeuka. "Kitambaa hukioni?"

Kichwa kikatoka.

"Mungu anisamehe kwa penseli hii," Mama Soli alisema, na akavuta nyingine.

Saa sita kasoro dakika tano walikuwa wamemaliza. Walizibana kila jozi kwa pini, wakavua karatasi za misumari yote miwili, wakachanganya wateja na ndugu kama mtu anayechanganya karata, wakazirudisha. Sasa nani Mkristo na nani alitaka viatu tu, hata malaika angehitaji kusaidiwa. Kitu kilikuwa kinamwasha Mama Soli akilini, kama uzi uliosahauliwa ndani ya kiatu. Hakukijua ni nini. Buti zikasikika barazani.

Mtaa ulikuwa umejaa. Bwana Kalamu alimsimamisha Mama Soli kwenye ngazi ya juu ili aonekane na wote.

"Maneno saba, mama."

"Mkuu nimemwombea leo asubuhi kabla hamjaja," Mama Soli alisema, na hakupunguza sauti. "Nikamwombea afya na akili. Kesho nitamwombea tena. Lakini hayo maneno sina. Mume wangu alisema ni ya Mwingine, na mimi nasema hivyo hivyo, nisije nikasingiziwa kwamba namfuata mume tu."

"Unajua lori linaweza kugeuka."

"Najua. Nimelifikiria asubuhi nzima. Halijageuka moyoni mwangu."

Bibi alikuwa amejivuta mpaka mlangoni kwa fimbo yake. "Huyo Mkuu ana miaka mingapi?" aliuliza.

Bwana Kalamu hakumtazama. "Sitini na miwili."

"Basi nilikuwa nimeshaolewa alipozaliwa. Wa kwanza vipi, na mimi nilimtangulia?"

Kicheko kilianzia kwa wanawake wa bombani, kikapanda ukuta hadi ukuta. Askari mmoja aliuma mdomo. Bwana Kalamu alisubiri kiishe, kama mtu anayesubiri mvua.

"Nilipokuwa ofisini," alisema kwa ile sauti yake, "nilitazama viatu vyangu. Nikakumbuka kitu."

Akaingia ndani moja kwa moja. Hakugusa rafu, hakugusa benchi. Alivua karatasi zote kwenye misumari, akatoka nazo mwangani.

Shemeji alikuwa kando ya mlango, kitambaa mkononi, uso kama ukuta.

Jozi ya kwanza, kushoto na kulia. Ya pili, kushoto na kulia. Bwana Kalamu alifunua ishirini, akafunua hamsini, na kila moja ilikuwa jozi. Mabega yake yakashuka kidogo. Kisha akafika kwenye jozi moja, akasita.

"Hii ni yangu."

"Ni yako, afande," Mama Soli alisema. "Kama hilo ni daftari, basi nawe umo."

Watu wakacheka tena, na safari hii hata yeye alikunja mdomo kama anayetaka kutabasamu. Alikuwa karibu kuzirudisha. Alifunua moja zaidi, tu, kwa sababu kidole kilikuwa kimeshaianza.

"Vidole sita," alisema. "Sita huku na sita huku."

Ule uzi akilini mwa Mama Soli ukavutika wote kwa mara moja.

Muuza Mkaa alikuwa na vidole sita mguu wa kushoto. Wa kulia alikuwa navyo vitano, kama mimi na wewe. Na wao, kwa haraka, waligeuza karatasi na kila kilichokuwemo. Fundi yeyote aliyewahi kuushika mguu ule angejua. Waliokuwepo wawili walikuwa na macho kwenye penseli, na wa tatu alikuwa ameukalia.

Mtu mmoja kwenye umati, bila nia mbaya, akageuka kumtazama Muuza Mkaa. Wa pili akageuka. Bwana Kalamu akafuata macho yao.

Muuza Mkaa alikuwa amesimama kando ya gunia lake, mweusi wa vumbi la mkaa hadi kope, na miguu mitupu. Hajawahi kuvaa viatu tangu azaliwe. Anasema vinamfunga akili.

"Asiyevaa viatu amepimwa viatu," Bwana Kalamu alisema. "Na amepimwa mguu asiokuwa nao. Mama, hii nani amechora?"

Mama Soli alifungua mdomo kusema ni mimi. Hakuwahi.

"Huo mguu ni wangu," Muuza Mkaa alisema. Aliliacha gunia, akapita katikati ya watu, nao wakampisha wasipakwe masizi. Akaja mpaka kwenye ngazi. "Wa kushoto ni wangu. Huo mwingine sijui, labda ndugu yangu pacha."

"Ulikuja kushonewa viatu?"

"Viatu vya nini? Afande, unawatafuta Wakristo kwenye karatasi tangu asubuhi na mimi nimesimama hapa juani. Nilibatizwa mtoni mwezi wa nne. Maji yalikuwa baridi mpaka meno yakapiga ngoma. Na yale maneno saba siyasemi, nisikuchoshe kuniuliza."

"Na wenzako?"

"Wenzangu wana midomo yao. Mimi nimekuja na huu mmoja."

Bwana Kalamu akawatazama watu. Mpiga chapa alikuwepo, mkunga alikuwepo. Mkunga alivuta pumzi, na Mama Soli akamwangalia kwa jicho kali kutoka juu ya ngazi, jicho la kumwambia kuna mama watatu wanaojifungua wiki hii, kaa kimya. Akakaa kimya.

Pingu zilipita kwa shida kwenye mikono ya Muuza Mkaa. Askari alijifuta masizi kwenye suruali.

"Angalieni gunia," Muuza Mkaa alisema. "Mke wangu ataliulizia kabla ya kuniulizia mimi."

Bwana Kalamu aliamuru duka lifungwe. Kufuli, na lakiri nyekundu juu ya kufuli.

"Ulisema nitamfuata mume wangu," Mama Soli alimwambia. "Niko tayari. Nimeshavaa viatu vizuri."

"Nimebadili mawazo. Wewe nakuacha nje, mama. Ukiwa nje watakuja kwako, nami nitawaona wakija."

"Waje tu. Wakija na wewe ukiwepo, nitaongeza kigoda."

Zile jozi nyingine hazikuweza kumwambia nani ni nani, akamrudishia karatasi zote isipokuwa tatu. Zile mbili za vidole sita aliziweka kwenye bahasha ya ushahidi. Kisha, Mama Soli alimwona kwa macho yake, akaitoa pini kwenye jozi yake mwenyewe. Karatasi ya mguu wa kulia akairudisha kwenye fungu. Ya kushoto akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni, nyuma ya zile kalamu.

Akapanda gari.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Mpaka ninapoandika haya, hali ya kila mmoja ni hii.

Fundi yuko machimbo ya mawe. Dereva aliyempeleka anasema mguu wa kulia amevaa kiatu na wa kushoto amefunga gunia, na kwamba siku ya pili mnyapara alimletea buti zake azirekebishe.

Muuza Mkaa alipelekwa huko huko Jumatano. Hakimu alimuuliza kama anajuta. Akauliza kujuta kunachukua muda gani, akapewa miaka miwili. Mkewe anauza mkaa.

Shemeji alirudisha kitambaa cha kijani ofisini Jumanne, akanyang'anywa na chumba alichopewa na kamati. Analala kwa mama yake, kwenye mkeka nyuma ya mlango. Alhamisi alfajiri alitoka, akarudi nywele zimelowa. Karatasi yake sasa ina tarehe.

Bibi ana kikohozi, na anasema ni cha kukalia vumbi la watu wema.

Wale wengine wote wako majumbani mwao, kila mmoja na kazi yake.

Mama Soli ametoa kigoda na sanduku la vifaa, anafanya kazi barazani, mbele ya kufuli lenye lakiri. Wateja wanakuja. Anawapima miguu yote miwili.

Bwana Kalamu alikuja Jumamosi saa nne asubuhi, bila sare, bila askari, na kalamu moja tu mfukoni. Alikaa kwenye kigoda cha wateja. Akavua kiatu cha kahawia cha kushoto, akavua na soksi. Akatoa ile karatasi yake, akaitandaza sakafuni, upande usioandikwa juu, akaikanyaga.

"Pima," alisema. "Huu mmoja unatosha."

Penseli iko mkononi mwa Mama Soli. Bado hajachora.